Upepo yenye niliandika mu blanketi

Hii habari inanionyesha mupumbavu. Nimejaribu kuielezea namna ingine, na kila mara mi njo mupumbavu. Batu balikuwako siku ile bangali banacheka bakiniona ku soko, donk afazali niisimulie mi mwenyewe.

Tunakaaka ku Kashikishi, pembeni ya ziwa, mi na mama mukubwa, dada ya mama yangu, mwenye alinikomalisha. Tulivuka kutoka Kongo nikingali mutoto. Yeye anakaushaka chisense, bile bisamaki bidogo sawa kidole, anabianika ku muchanga mbele ya nyumba, upande ya maji. Iko na ugonjwa ya kifua. Baridi ikiingia, anapumua sawa mutu mwenye anapanda mulima, na yeye anaikala tu ku kiti.

Nyuma ya nyumba yetu kuko kilima. Kompani moja ilitaka kujenga kule yulu kiwanda ya kukausha samaki na moshi: mafuru, ni kusema majiko makubwa, kuni muchana na usiku. Mbele ipewe ruhusa, ilifaa bajue ile moshi itaenda wapi. Serkali ikatuma injinia, mwanamuke ya Lusaka, viatu safi zaidi kwa udongo yetu. Akasimika muti murefu ku kilima, yulu yake kitambaa nyekundu. Akatafuta mutu ya hapa ya kuangalia kile kitambaa mara tatu kwa siku na kuandika mu kaye upepo inatoka wapi, inaenda wapi. Saa kumi na mbili asubui, saa sita, na saa kumi na mbili ya mangaribi.

Aliuliza nani anajua kuandika. Nilinyanyua mukono mbele amalize kuuliza. Nilisoma mpaka darasa ya saba, na kuandika "ziwa" na "pori" haiombe universite.

Ilikuwa mwezi ya sita. Mwenye hajalala hapa mu mwezi ya sita asinihukumu. Asubui, kutoka mu blanketi ni sawa kujitupa mu maji. Siku ya kwanza nilipanda, kweli. Kitambaa kilikuwa kimening'inia tu, hakitikisike, kimelala vile na mi nilitaka kulala. Nikasema: hakuna upepo, hakuna kazi. Tangu kesho yake nilikuwa naandika ya asubui saa sita, pamoja na ya saa sita: inatoka ku ziwa, inaenda ku pori. Muchana ile ilikuwa kweli. Jua ikipanda, upepo inatoka ku ziwa kila siku, inasukuma yote ngambo ya kilima kwenye hakuna nyumba. Nilifikiri ni upepo moja tu, sawa muto, haurudiake nyuma.

Wiki ine zilipopita, batu bakaitwa ku nyumba ya masomo kusikiliza. Injinia alisoma kaye yangu kwa Kibemba, mutu moja akatutafsiria. Asubui, moshi itaenda ku pori. Muchana, ku pori. Bwana ya kompani alikuwa anaitikia na kichwa sawa mutu ku arusi yake. Mama mukubwa akashikilia kiti, akasimama.

"Mama injinia, asubui moshi inaenda ku pori?"

"Ndiyo mama. Njo vile imeandikwa, karibu siku zote."

"Imeandikwa na nani?"

Bichwa byote bikageukia mi.

"Mama mukubwa," nikasema, "ile ni mambo ya siansi."

"Siansi iko na pua? Simama! Asubui, ukiisha kuamuka, mbabula yangu ya chai unaiwekaka upande gani ya chisense?"

Hapa pembeni ya ziwa, bamama habawekake mbabula, jiko ya makala, fasi yoyote tu. Chisense ikishika moshi ya makala, bachuuzi banainusa na banapita. Donk mbabula inahamaka, na mwenye kuihamisha kwetu ni mi.

"Upande ya maji," nikasema.

"Na muchana?"

"Upande ya nyumba."

"Unaihamishaka juu ya kucheza?"

"Hapana. Moshi isiingie mu samaki."

"Bon. Moshi ya asubui inaenda wapi?"

Mutu mumoja nyuma alianza kucheka. Niliangalia viatu vyangu.

"Ku maji."

"Na ya kiwanda? Ikitoka ku kilima kwenda ku maji, itapita mu nyumba ya nani?"

"Yetu."

"Mu kifua ya nani?"

Pale njo nilisema ya blanketi, vile asubui sikuwa napanda, mbele ya bote. Kicheko kilitoka mpaka inje, kwa batoto benye balikuwa banachungulia ku madirisha. Injinia hakucheka. Aliomba tu kalamu nyekundu na akakata asubui zangu zote, moja moja.

Kesho yake, kukingali giza, tulipeleka mama mukubwa kwa rafiki yake, mbali kidogo, moshi isimufikie. Saa kumi na mbili ya asubui mi na injinia tukachoma majani mabichi ku kilima. Ile moshi haikupanda. Ilishuka polepole, sawa maji yenye imemwangika, ikaingia kati ya nyumba, ikalala. Bati yetu tu njo ilionekana. Injinia akanielezea akipuliza mikono yake: usiku udongo inapoa, hewa ya baridi inakuwa muzito, inashuka ku ziwa, na yulu yake kuko hewa ya moto kidogo, inafunika sawa kifuniko ya chungu. Kwa ile, kitambaa inaweza kulala na moshi inatembea. Moshi ilibaki pale mpaka karibu saa ine, upepo ya ziwa ilipoamuka na kuirudisha yulu.

Aliandika kama mafuru isijengwe pale. Sasa kompani imeomba fasi ngambo ya kilima, na bado haijajibiwa.

Mangaribi nilienda kuchukua mama mukubwa. Nilikuwa nimetengeneza maneno ya kuomba musamaha, na yenye kuchekesha ndani, sawa kawaida yangu. Hakuyangoja.

"Ungeniuliza mi tu," akasema. "Saa kumi na mbili niko macho kila siku. Kifua hainiachake nilale."