Mihogo ya Siku Moja

Weye mama mwenye kusoma hii, mutoto yako akikuuliza "juu ya nini," unamujibu ao unamupiga? Minyi nilikuwa napiga. Kosa yangu njo ile, na kasirani yote niko nayo leo iko juu yangu mwenyewe. Masomo yangu iliishia ku katekisimu, basi minyi nasema, mujukulu yangu anaandika.

Hapa Kamina tunakula bukari, ugali ya mihogo. Iko mihogo mitamu, iko na ile ya uchungu. Ile ya uchungu unailoweka mu mutungi siku tatu, sumu inatoka. Kila mama anajua. Batoto, nani alibaambia?

Binti yangu wa kwanza, tangu kutambaa, nilimuambia neno moja: "Usiguse mutungi." Akigusa, mwiko ku mukono. Sawa, alikuwa mudogo. Lakini akafika miaka kumi, anatwanga, anapika, anabeba ndugu yake mugongoni, akaniuliza: "Mama, juu ya nini?"

"Juu minyi nimesema."

Ujinga gani ile! Mutoto anaweza kusonga bukari, hawezi kujua sumu?

Siku moja nikaloweka mihogo asubui, nikaenda kilio ku kijiji cha dada yangu. Bwana yangu alikuwa ku kazi ya reli. Kesho yake unga ikaisha, mutoto mwanaume akalia njaa. Binti akawaza: mama anaficha mihogo juu ya choyo. Akaitoa, akachemusha, akamupa mudogo yake yote. Yeye mwenyewe akakunywa mayi tu.

Nikarudi, nikakuta mutoto anatapika, macho imegeuka. Majirani bamejaa mulangoni. Na minyi, mbele ya bantu bote, nikaonyesha binti yangu kidole: "Mulozi, muchawi weye. Unataka kuua ndugu yako."

Mutoto alipona. Ile neno haikupona. Ku kisima banamuke banasema: "Mulozi asiguse ndoo yangu."

Shangazi yake akatoka Kabongo kumuchukua. "Weye njo uliloweka," akaniambia, "weye njo ulinyamaza. Sasa mulozi iko nani?" Nilimufukuza na mwiko, akaenda na binti. Alisema kweli.

Binti akaolewa kule. Sikuitwa.

Mwaka huu akanitumia mutoto yake, njo huyu anaandika. Anauliza mpaka sikio inauma, na minyi nacheka tu. Jana akafunua mutungi: "Kaku, juu ya nini hakuna kugusa?" Mukono yangu ikapanda. Ikashuka. Nikakaa chini, nikamuambia yote: sumu, siku tatu, mujomba yake, na ile neno.

Bamama, mutoto mudogo muambie "acha." Akikomaa, muambie na sababu. Musingoje mutapiko njo imufundishe.

Mujukulu yangu akafunika mutungi. Kisha akasema: "Kaku, nitahesabu siku tatu. Na nikirudi Kabongo nitaambia mama: kaku amesema kosa ilikuwa yake, hapana yako."