Fundi anayesubiri mafuta yapate moto

Saa tatu asubuhi, gari la mwalimu mmoja linanguruma chini ya bati la gereji. Fundi amekaa kwenye kiti cha dereva. Anazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, na kushoto tena.

"Fundi, unapima au unacheza?" mwalimu anauliza.

"Vumilia, mwalimu. Mafuta ya usukani bado ya baridi."

Geji ya kupimia presha ameifunga kati ya pampu ya usukani na mpira wake wa mafuta. Mafuta yanapopata moto anashuka, anafunga koki ya geji kwa sekunde tatu tu, maana ikizidi pampu inakufa, anasoma mshale, anafungua. Presha iko chini. Gari haliondoki leo, na mwalimu ananuna waziwazi.

Wenzake wamembandika jina la Moto Kwanza. Wao hupima magari saba kwa siku, yeye matatu, na mfuko wake unalijua hilo. Wakimtania hucheka nao, lakini kicheko chake hakifiki mbali.

Miaka minne iliyopita, kaka yake mkubwa, mbeba mboga, alimletea pikapu alfajiri. Usukani ulikuwa mzito, na kaka ana haraka.

"Nilipima mafuta yakiwa ya baridi," fundi anamwambia mwandishi wa gazeti. "Ya baridi ni mazito, yanaificha pampu iliyochoka. Mshale ukapanda vizuri. Nikamwambia, kaka, nenda, gari ni zima."

Mchana, kwenye kona ya mteremko, usukani ulimgomea kaka, pikapu ikapinduka. Alifariki siku ya tatu. Watu wakasema alikuwa amelewa, na kaka hakuwahi kuonja pombe.

Fundi aliifungua ile pampu mwenyewe. Ndani ilikuwa imelika. Akaifunga, akafunga na mdomo wake.

"Shemeji amebeba aibu isiyo yake," anasema, na machozi yanamtoka, naye hayafichi. "Binti yao shuleni anaitwa mtoto wa mlevi. Mimi ananiita baba mdogo, ananikimbilia nikifika. Niliogopa kulipoteza hilo."

Mwandishi anamuuliza kwa nini anayasema leo.

"Kwa sababu juzi mtoto aliniuliza, baba mdogo, eti baba alikuwa anakunywa? Nikamtuma dukani. Mwanaume mzima!" Anafuta mikono kwa kitambaa. "Andika yote. Ila usichapishe kabla ya Jumapili. Shemeji asije akayasoma gazetini kabla hajayasikia kwangu."

Gazeti lilisubiri. Jumapili jioni fundi alipiga simu.

"Nimemwambia, na mtoto alikuwepo. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Mtoto akamfuata."

Kisha akaongeza:

"Kesho nakwenda shuleni kwa mtoto. Nitamwomba mwalimu mkuu anipe dakika mbili mbele ya darasa, niwaambie watoto nani alikosea. Mtoto asiponiita tena baba mdogo, basi. Lakini atamtaja baba yake bila kuinamisha kichwa."