Mama Aliyesimama Mlangoni

Mke wangu alijifunza kushona magodoro kwa sababu moja tu: alitaka kukaa karibu na mama yake. Angeweza kushona nguo au kusuka nywele, maana mikono yake ni myepesi. Lakini mama yake alikuwa fundi magodoro, basi naye akaenda huko huko, kwenye chumba ambamo sufi hupeperuka mpaka ikatua kwenye kope.

Mimi nilikuwa mchambua sufi pale. Nilikaa pembeni, kitambaa puani, nikitoa mbegu na kuzuia chafya. Sikuwa na maneno, kwa hiyo walinisahau kama mtu anavyosahau kiti, nami nikawa nawaona.

Godoro likishajazwa husimamishwa. Fundi mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule. Huyu anapenyeza sindano ndefu, yule anaipokea, anavuta uzi, anairudisha. Mama na binti walifanya hivyo kutwa nzima, godoro katikati yao. Binti alikuwa akichungulia kwa juu.

"Mama, hapa nikaze?"

"Kaza."

"Hivi?"

"Kaza, nimekwambia. Mtu analalia godoro, godoro halimmezi mtu."

Magodoro ya mama huyo yalikuwa magumu na wateja walimtania. Muuza mkaa mmoja alirudi ameshika kiuno.

"Fundi, umenishonea godoro au mlango?"

"Ukitaka kuzama nenda ziwani," alijibu bila kuinua uso.

Tulicheka, naye mwenyewe akatabasamu. Hakuwa mtu mkavu. Watoto wa wateja aliwapa vipande vya kitambaa wakawavishe wanasesere wao. Ila hakuna aliyewahi kumwona amebeba mtoto.

Tulipooana, mke wangu alinisimulia utoto wake kidogo kidogo. Waliishi nyumba moja na mama mkubwa, dada wa mama yake. Huyo ndiye aliyembeba, aliyemwogesha, aliyelala naye kitanda kimoja. Mama yake alipika, alifua, alimsindikiza shule. Hakumchapa hata siku moja. Lakini mtoto akisogea amwegemee, mama aliinuka ghafla kama aliyesahau chungu motoni. Kuna siku mtoto alijilaza akasingizia homa, akalia kwamba anamtaka mama. Mama akaja, akasimama mlangoni. Akauliza kama amekunywa maji. Akabaki hapo hapo, mkono umeshika mwimo wa mlango, mpaka mama mkubwa alipokuja kumpapasa paji la uso.

"Labda alikuwa amechoka," nilimwambia mke wangu.

"Utoto wangu wote?"



Alipopata mimba alifurahi mno, na nilijua furaha ile ilikuwa na jambo ndani yake. Aliamini mama hawezi kumkataa mjukuu. Mama mkwe akashona kigodoro cha mtoto, kigumu kama ubao, chembamba ajabu.

"Mama, hapa kando ya mtoto hata mkono wangu hauenei!"

"Ndivyo inavyotakiwa. Alale peke yake."

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe na mama mkubwa wakawa wanakuja kwetu kila siku. Mama mkwe alifua nepi, akapika, akafagia mpaka chini ya kitanda. Mtoto akilia, alikuwa wa kwanza kusema mtoto analia, na wa mwisho kusogea.

Asubuhi moja mke wangu akasimama mbele yake na mtoto mikononi.

"Mama, nishikie nikaoge."

"Mpe mumeo."

"Ana masizi." Ilikuwa kweli, nilikuwa nasugua jiko.

"Basi mpe dada."

"Sijamwomba mama mkubwa. Nimekuomba wewe."

Mama mkwe akaficha mikono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Sitaki," alisema.

Mke wangu si mtu wa kupandisha sauti. Siku hiyo ilipanda yenyewe.

"Mimi hukunishika, sawa, nimeshazoea. Na huyu amekukosea nini? Hata meno hana!"

"We mtoto, hebu punguza," mama mkubwa alisema. "Usimsukume mama yako."

"Kila nikiuliza naambiwa nipunguze! Kwa nini?"

"Tulikubaliana na mama yetu kwamba hayo..."

"Mama alishakufa, dada," mama mkwe alimkatiza. "Acha niseme."

Akakaa kwenye kigoda changu, akasema akitazama sakafu. Kabla ya mke wangu alizaliwa mvulana. Mama mkwe alikuwa bado msichana, ameshinda akishona, amerudi hoi. Alimnyonyesha akiwa amejilaza, kwenye godoro laini alilolishona kwa mikono yake, usingizi ukampitia. Alipoamka, mtoto alikuwa chini ya ubavu wake.

"Nilimlalia," alisema. "Mwanangu mwenyewe."

Bibi, yule mama yao, akaamua kwamba itasemwa mtoto kafa kwa homa, na asiulizwe mtu.

Hapo nikaelewa yale magodoro yote. Nikaendelea kushika jiko.

"Na mimi?" mke wangu aliuliza. "Mama mkubwa alikunyang'anya?"

"Nilimwomba akuchukue. Niliogopa mikono yangu, niliogopa ubavu wangu. Kila alfajiri nilikuwa nakuja mlangoni kusikiliza kama unapumua. Nikisikia, naenda zangu kazini."

Mke wangu akamhamishia mtoto begani. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nanuka. Nilikuwa naiba sabuni ya mama mkubwa, najisugua mpaka nachubuka."

"Kumbe ni wewe!" mama mkubwa aliruka. "Nami nikamsingizia mpangaji wa watu!"

Hakuna aliyecheka, ingawa niliona mdomo wa mama mkwe umecheza. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mikono mbele.

"Nipe mtoto. Lakini usiende kuoga. Kaa hapa uniangalie."

Mke wangu akamtazama. Akageuka, akaniwekea mtoto mimi, na masizi yangu yote.

"Huyu atasubiri," alisema. "Mimi kwanza."

Akakaa sakafuni, mwanamke mzima, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Mikono ya mama ilibaki hewani, haijui iende wapi. Halafu mmoja ukashuka, ukamgusa bega juu juu tu kama anayejaribu pasi ya moto. Ukainuka, ukarudi. Safari hii ukatulia.

"Angalia goti lako bovu hilo," mama mkubwa alisema akipenga kamasi. "Huyo mzito."

"Mwache," mama mkwe alisema. "Mwache hapo hapo."