Siku Tatu za Bibi

Eda yangu imekwisha jana, Ijumaa. Miezi minne na siku kumi nimemkalia marehemu mume wangu hapa Nizwa, sikuvuka mlango, sikutia wanja wala manukato, na leo asubuhi binti yangu amekuja na gari kunichukua twende kwa jamaa zetu Ibra. Nimemwambia arudi Jumanne. Kashika kiuno, kanitazama. "Mama, nimehesabu mwenyewe, imekwisha." Najua imekwisha. Wewe rafiki yangu nitakwambia kwa nini bado nimo ndani, maana yeye sijaweza.

Nilipokuwa na miaka tisa baba alipata masomo Marekani, tukahamia Baltimore, mji wa zamani wa bandari. Tulikaa ghorofa ya tatu katika nyumba ya matofali mekundu, dirisha letu likitazama maji. Mama akajifungua huko, na bibi mzaa mama akaja kutoka Ibra kumkanda na kumpikia. Mtoto hata arubaini hajatimiza, simu ikaja kwamba babu amefariki. Bibi hakuwahi hata kumwona akitolewa nyumbani. Alilia kimya kimya siku mbili, kisha akasema eda ataikalia pale pale.

Kusoma alikuwa hajui. Akakaa na baba wakahesabu kokwa za tende, moja kwa kila siku ya eda, wakazitia katika kopo la maziwa ya mtoto. Kila alfajiri akishasali alitoa moja akaitupa. Baba mitihani ilimkaba na mama alikuwa na mtoto wake, kwa hivyo hesabu ikabaki ya bibi na kopo lake.

Na mimi nikafungwa naye. Nikitoka skuli, moja kwa moja nyumbani, bibi asikae peke yake. Dirishani hakaribii, wasije wanaume wa njiani wakamwona, basi yeye hukaa nyuma ya pazia anachambua mchele, mimi nimesimama kwenye kioo. "Haya, nambie mji." Namwambia njia ya mawe, watalii na ramani zao, kaa waliochemshwa wanavyouzwa kwa ndoo, na kizee jirani anayesugua ngazi zake za marumaru nyeupe kila Jumamosi. "Huyo naye, kila wiki? Ana wageni gani?" Mwanzo nilikuwa nacheka. Baadaye nilichoka. Wenzangu nawasikia chini wanacheza, mimi nanuka vitunguu vya mchuzi wa bibi. Zilikuwapo siku nilimchukia, Mungu anisamehe.

Siku moja mwalimu akatwambia mwezi ujao, Jumamosi, tutapanda boti kwenda kwenye ngome ya kale ng'ambo ya bandari, na kila mtoto aje na mtu mzima wake. Baba siku hiyo ana mtihani. Mama hathubutu kumtoa mtoto kwenye baridi ile. Amebaki bibi, na bibi eda yake inakwisha Jumatatu, atoke Jumanne. Nilihesabu mara nne, jawabu ni lile lile. Basi bibi alipoingia kuoga, nikatia mkono koponi nikatoa kokwa tatu. Zilikuwa bado nyingi mle, hakujua.

Jumamosi ile alfajiri akalikuta kopo tupu. Baba akiwa anafunga viatu akauliza, "Zimekwisha mara hii?" Bibi akampindulia kopo alione. Nani atambishia bibi? Akaoga, akatia wanja, mama akamfukizia udi.

Kwenye boti alishika chuma kwa mikono miwili, buibui linampepea, akinitaka nimwoneshe vyote nilivyomsimulia. Alipoziona zile ngazi nyeupe kwa mbali alicheka, kicheko cha kwanza tangu ile simu. Nikataka kumwambia pale pale. Nikamtazama uso, nikamwonesha ngome.

Tuliporudi Ibra, kila kahawa ikimiminwa bibi huwaambia wanawake wenzake, "Mimi eda nimeikalia Marekani, kamili, haikupungua hata siku. Muulizeni huyu, nilikuwa naye." Nami naitikia, "Ndiyo, bibi." Amekufa na fahari yake hiyo.

Miaka ya karibuni mimi na mume wangu tulikwenda kutembea Baltimore. Nyumba yetu sasa ni hoteli, ngazi za kizee zimeota ukijani. Nikasimama chini naangalia dirisha mpaka mume wangu akauliza naangalia nini. Nikasema hakuna kitu. Hata yeye sikumwambia.

Sasa nimekaa mimi, na najua siku moja ya eda ina urefu gani. Sijui kama mtu anaweza kumkalia mwenzake siku za eda zilizompungukia. Shekhe sikumuuliza, naogopa ataniambia haiwezekani. Leo alfajiri nimekula tende tatu, nikazikosha kokwa, nikazitia kikombeni, na moja nimeshaitupa.

Mchana binti yangu kapiga simu tena, sauti yake imejaa wasiwasi. "Mama, unakaa humo peke yako unafanya nini?" Nikamwambia siko peke yangu, nipo na bibi yangu, na Jumanne aje na gari atutoe sote wawili.