Kiti cha Pembeni

Karani wa mirathi, pale mahakama ya mwanzo mjini Kasulu, hamruhusu mtu akae kabla hajamfutia kiti kwa kipande chake cha kitenge. Alimfutia Majaliwa pia, aliyekuja kufungua mirathi ya baba yake. Akapokea muhtasari wa kikao cha ukoo na kibali cha mazishi, akavaa miwani, akasoma majina ya warithi kwa sauti, taratibu, akigusa kila jina kwa kitako cha kalamu kana kwamba mwenye jina amelala na hataki kumwamsha. Mwishoni aliuliza swali analomuuliza kila mtu: “Wametimia, baba?”

“Wametimia, mama.”

Karani alikilaza kibali cha mazishi kando ya muhtasari, akakinyoosha kwa vidole vyake vyenye wino. “Na huyu Philomena aliyetoa taarifa ya kifo? Hapa wameandika ni mtoto wa marehemu.”

Majaliwa alihisi masikio yakimchoma. Kikao kilisema Philomena ni mtoto wa nje, kazaliwa huko kijijini Titye, hahusiki. Na mwandishi wa kikao alikuwa yeye mwenyewe. Miezi yote saba baba yao alipokuwa mgonjwa kitandani, aliyemgeuza na kumfulia mashuka ni huyo huyo asiyehusika.

“Ni dada yangu,” alisema, macho kwenye viatu.

Karani hakumkaripia. Alimrudishia karatasi zote. “Mkakae kikao upya, naye awepo. Halafu mje wawili.”

Kisha akachukua kitenge chake, akainama, akakifuta kiti kitupu kilichokuwa pembeni ya Majaliwa.