Jina la Mgiriki Lililosimamisha Ndoa ya Zita

Nyie wa mikoa mingine mkisikia Sumbawanga, akili zenu zinakimbilia radi na watu wanaosafiri kwa ungo. Tulieni. Hiki ninachowasimulia hakina mganga wala tunguli, na bado kilinikosesha hamu ya kula.

Zita mwenyewe kaniruhusu nikiandike. Kasema niandike chote, nisimpake mtu mafuta.

Ilikuwa Jumapili, misa ya kwanza. Katibu wa parokia akasimama kusoma matangazo ya ndoa. Sisi wa Katandala tulikuwa tumejipanga benchi moja, tumependeza, maana siku hiyo jina la Zita wetu lilikuwa linasomwa kwa mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mpambe wake.

"Basil Polikarp Vreto, wa Milepa, anatarajia kufunga ndoa na Zita Eustaki Vreto, wa Katandala."

Vichwa vikageuka kutuangalia. Halafu minong'ono ikaanza huku na huku.

Sasa, kwa kawaida mwenye pingamizi anamfuata padre ofisini, taratibu, anasema lake. Bibi Gaudiosa wa Kasense hakuwa na muda huo. Huyu ni mzee wa jumuiya, akikohoa tu watu wanageuka. Akasimama palepale katikati ya watu.

"Vreto na Vreto? Hao babu zao lazima ni mtu na mdogo wake! Mnataka kuozesha kaka na dada mbele ya altare?"

Zita akanishika mkono, kucha zikaniingia. Nilitamani ardhi ipasuke, na wala si mimi niliyekuwa naolewa.

Ngoja niwaeleweshe. Huku kwetu jina la tatu ni la babu. Wangekuwa wote ni Petro au Yohana, nani angejali? Kina Petro wamejaa kila kona. Lakini Vreto! Zunguka Ufipa yote, tafuta Vreto ambaye hajatoka kwa Mzee Teodori, babu yake Zita. Humpati.

Jina lilitoka kwa Mgiriki mmoja wa enzi za mkoloni. Alikuwa na lori, ananunua mahindi, maharage na ulezi, anapeleka Mbeya. Baada ya Uhuru akaondoka zake. Mzee Teodori alikuwa akijitapa kila alipokaa: "Baba yangu ni Mgiriki, Vretos kabisa." Na mzee mwenyewe mweusi tii! Ukimuuliza ilikuwaje, anakuonyesha pua yake.

Ndiyo maana ukoo ule haukubadilisha jina la tatu kama sisi wengine. Eustaki, baba yake Zita, ni Vreto. Zita naye Vreto. Jina lilikuwa nembo yao.

Tulipotoka kanisani Zita akamvuta Basil mpaka nyuma ya ukumbi. Mimi nikafuata, nani angenizuia?

"Ulijua?"

"Zita, tuongee kwanza nyumbani..."

"Nakuuliza, ulijua?"

Basil anauza mbegu na mbolea pale mjini, kijana mpole, hata kugombana hajui. Akainamisha kichwa.

"Nilijua. Tangu siku uliponitajia jina lako. Mimi hilo Vreto lipo kwenye cheti cha ubatizo tu, kwingine kote naandika Basil Polikarp. Baba alifariki mapema, wajomba ndio walionilea na ndio waliokuja kuposa. Nikasema, hakuna atakayeuliza."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa kukukosa."

"Basil, nina mimba yako!" Zita alisema kwa sauti ya chini. "Nina mimba ya ndugu yangu na wewe ulijua tangu mwanzo!"

Jamani. Hata mimi mimba ile nilikuwa siijui. Nilikaa chini kwenye majani na gauni langu la kanisani.

Basil alitaka kumshika bega, Zita akauondoa mkono wake na kuondoka kwa miguu. Bodaboda zilimpigia honi njia nzima, hakugeuka.

Jioni hiyo Eustaki akamwita mzee aseme neno. Tulidhani Babu atapinga maneno ya Bibi Gaudiosa, maana yeye na Zita ni watani wakubwa, anamwita "mke wangu" toka utotoni. Wala. Mzee Teodori alikaa kwenye kiti chake akiangalia ukuta.

"Babu yake Basil anaitwa nani?" aliuliza.

"Romani," Zita akajibu. "Alikuwa Milepa, ameshafariki."

Mzee alifumba macho kidogo. "Romani ni mdogo wangu. Mkiambiwa ni ndugu, basi ni ndugu. Ndoa hakuna."

"Babu, mbona hujawahi kumtaja?"

"Nimeshasema."

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Zita alilia usiku huo mpaka sauti ikakauka. Alichokuwa anakiwaza si harusi tena. Alikuwa anawaza kilichomo tumboni. Aliniuliza swali ambalo sitalirudia hapa, nikamwambia subiri kwanza, usifanye kitu, subiri.

Mimi sina elimu kubwa, nina saluni na nina bando. Nikaingia mtandaoni, nikatafuta Wagiriki waliowahi kuishi Tanganyika. Wapo, wana ukurasa wao, wanatumiana picha za zamani. Nikaandika: "Nani anamjua Mgiriki aitwaye Vretos, aliyekuwa Sumbawanga na lori?"

Kwanza wakanijibu watu wa kunitania. Halafu siku moja nikiwa nasuka mteja, ikaingia sauti ya bibi mmoja wa Kigiriki. Kazaliwa Iringa, sasa yuko kwao Ugiriki, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

Nikamwacha mteja na kichwa nusu, nikakimbia kwa Zita. Tukasikiliza pamoja.

"Mwanangu, Vretos nilimjua. Alikuwa akilala kwetu akishuka na mahindi yake. Jina hilo hata huku kwetu si la kulikuta kila kijiji. Maana yake ni aliyeokotwa. Zamani mtoto akiachwa mlangoni pa kanisa, akaokotwa na watu, anaitwa hivyo. Na kuna mama ambaye watoto wake walikuwa wakifa, basi akizaa mwingine anamweka njiani makusudi, mpita njia amwokote na kumbatiza, ili kifo kisimjue. Babu wa huyo bwana alipata jina kwa njia hiyo. Yeye mwenyewe hakuoa wala hakuzaa, alipata maradhi utotoni, alimwambia marehemu baba bila kuficha. Lakini alituambia huko Ufipa ameokota watoto wawili wa kiume, akawapa jina lake."

Nikaruka! "Zita, umesikia? Hakuzaa! Hakuna damu ya Mgiriki hapa!"

Zita hakuruka. Alirudisha ile sauti nyuma akasikiliza tena mwisho wake.

"Ameokota watoto wawili," alisema. "Aliwaokota wapi? Kama aliwakuta pamoja, si ni mtu na mdogo wake kwelikweli?"

Nikachukua simu. Tulimuuliza yule bibi, akasema hajui zaidi, alikuwa mtoto.

Aliyekuwa anajua ni mmoja tu. Zita akaenda kwa babu yake na simu mkononi. Mzee aliposikia neno "aliyeokotwa" akaipiga kofi ile simu ikaanguka chini.

"Nani kakutuma unichimbe?"

Hajawahi kumfokea Zita maisha yake yote. Zita alirudi kwangu akiwa hana hata machozi.

Haikupita muda Bibi Gaudiosa akaja nyumbani kwa kina Zita na wazee wa jumuiya, shughuli ivunjwe rasmi, mahari irudi, yaishe. Basil naye akaitwa, akakaa karibu na mlango. Eustaki alikuwa ameshakubali, uso umemshuka.

Ndipo Zita akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya babu yake.

"Babu, nina mimba ya Basil."

Mama yake akashika kichwa. Bibi Gaudiosa akafanya ishara ya msalaba.

"Sikuja kukuaibisha," Zita aliendelea. "Nataka nijue nimebeba nini. Ukiniambia ni ndugu yangu mbele ya Mungu, nitakubali. Lakini usininyamazie. Ukininyamazia nitafanya jambo baya, Babu, nakwambia ukweli."

Mzee Teodori alivua kofia. Akaiweka gotini.

"Romani nilimwona akiletwa," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kuchunga mbuzi. Lori lilitoka Kasanga, Bwana Vretos akashuka amembeba mtoto ndani ya koti. Mama yake alikuwa amefia kando ya barabara, mgeni, mtu wa upande wa ziwani, ana kikapu cha dagaa. Yule mtoto alikuwa anamwita mama yake kwa lugha tusiyoijua. Huyo ndiye babu yake Basil. Hatukutoka tumbo moja."

"Baba," Eustaki akasema, "na wewe je?"

"Nyamaza, nisije nikashindwa kumaliza. Mimi nililetwa kabla yake. Tulipobatizwa padre aliuliza jina la baba, Bwana akasema andikeni la kwangu. Alipoondoka, mimi na Romani tuliapa kila mtu aseme ni mtoto wa Mgiriki. Romani akashuka Milepa kulima, mimi nikabaki. Hatukutembeleana, tusije tukaulizwa."

Basil alikuwa ameziba uso kwa mikono. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia.

Ila Bibi Gaudiosa si mtu wa kuachia jambo nusu.

"Mzee Teodori, mtu haokotwi kama kuni. Na wewe una kwenu. Uliokotwa wapi?"

"Achana na hilo, Gaudiosa."

"Siachani nalo. Leo unasema hivi, kesho utasema vingine. Wapi?"

"Kasense. Pembeni ya shamba la ulezi." Mzee alinyoosha kidole kwenye mdomo wake. "Niliota meno ya juu kwanza."

Wazee wote wakaelewa. Vijana nikawaona wanaangaliana. Zamani mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, walisema akilelewa atamaliza nyumba nzima. Wengine waliwatupa.

"Nyumba ya nani?" Bibi Gaudiosa aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Yenu."

"Muongo!"

"Mpishi wa Bwana, aliyenilea, alinitajia alipokuwa anakufa. Nikaenda. Nilikuwa kijana. Nikamkuta mama yako anapura ulezi, nikamwamkia. Akaniuliza natoka wapi, nikasema natoka mjini, napita tu. Akanipa togwa. Na wewe ulikuwa binti mdogo, ukaniletea maji ya kunawa. Nikanywa, nikashukuru, nikaondoka. Niliona bora niitwe mtoto wa mzungu kuliko mtoto wa kutupwa."

Bibi Gaudiosa alisimama kama anataka kutoka. Akakaa tena.

"Yule kijana," alisema. "Alikuwa na shati jeupe."

"La Bwana. Alinipa."

"Ulipoondoka, mama aliingia jikoni akalia mpaka giza likaingia. Tukamuuliza, mama una nini? Akasema ni moshi." Bibi alianza kulia, mtu mzima yule, kamasi na machozi. "Moto ulikuwa haujawashwa, kaka. Moto ulikuwa haujawashwa!"

Mzee Teodori alikuwa amebeba moyoni siku zote kwamba mama yake hakumtambua. Nilimwona anavyoshika kiti. Zita akamkumbatia miguu, na wote pale tulilia, hata wale waliokuja kuvunja ndoa.

Matangazo yaliendelea. Ndoa ilifungwa bila mbwembwe, maana gauni lilikuwa limeanza kukaza. Msidhani mambo yalinyooka mara moja. Zita alikaa muda hamsemeshi Basil vizuri. Alimwambia mbele yangu: "Kuogopa nakuelewa. Lakini uliniacha nitembee gizani peke yangu." Basil mpaka leo anaomba msamaha kwa vitendo, na mimi nasema aendelee.

Halafu watu wa Kasense wakaja kwa mzee na mbuzi. Walitaka kumrudisha ukooni, wampe jina la babu yao, Vreto liishe, wajukuu waandikwe upya.

Mzee aliwapokea. Alikula nao, akamkalisha dada yake pembeni yake.

"Nimewasamehe," alisema. "Nikifa mje mnizike, na ninyi nitawazika. Lakini jina langu silibadilishi. Nilikuwa naogopa maana yake ijulikane, na sasa mmeijua wote. Nililia pale shambani, watu wengi walipita. Mmoja ndiye aliyesimamisha lori. Niacheni na jina lake."

Wakaondoka, jina likabaki.

Wapendwa, mtu akijisifia ukoo wake kupita kiasi, msikimbilie kumzodoa, huenda kuna mahali panamuuma. Na nyie mnaoficha asili zenu, waambieni watoto mapema. Zita alikuwa ameshaulizia dawa za kutoa mimba, na siku ile mzee alipofungua mdomo, dawa zilikuwa tayari kwenye mkoba wake.