Matawi kwenye Kona ya Kizuka

Baiskeli mbili zilizoingia Rumonge mwaka ule hazikuhitaji miguu ya mtu. Zilikuja juu ya kamioneti kutoka Bujumbura, zimefunikwa turubai, na hata kabla turubai halijafunguliwa watu wa soko walikwisha kuamua kwamba ni silaha. Ulikuwa ule wakati wakubwa wamekwisha kutia sahihi mambo ya amani huko Arusha, na sisi huku tulikuwa bado tunalala na viatu.

Mwenye kuzileta aliitwa Yazid, mjukuu wa marehemu Amur, aliyekuwa na duka la vitambaa Bujumbura. Kijana huyu alikaa Dubai miaka kadhaa akarudi na miwani, darubini, na hizo baiskeli. Alizisimamisha mbele ya soko akaonyesha betri chini ya kiti, nene kama mkate wa kukata. Ukibonyeza kidude kwenye usukani, baiskeli inaondoka yenyewe, bila kelele. Hilo la kukosa kelele ndilo lililowaudhi watu. Pikipiki unaisikia ikija, unapata nafasi ya kujificha.

Yazid alisema vita vitaisha, wageni watarudi, na watataka kupanda kilima cha Kizuka kuona ziwa lote mpaka rasi ya Ubwari, bila kutoka jasho. Yeye atawakodisha baiskeli na kuwapa mtu wa kuwaongoza. Alitaka kwanza kuijaribu njia.

Nani anapanda mlima wakati wa vita ili akatazame maji? Maji yako hapa chini. Zamani mgeni aliyetaka kupanda kilima aliulizwa jina la baba yake, akapewa ndizi na mtu wa kumsindikiza, basi. Mwaka ule mgeni alipouliza njia, kila mtu alijifanya amefika mjini jana.

Kaporali wa pozisyo, yaani ile kambi ndogo ya wanajeshi iliyokaa mguuni mwa kilima, ndiye aliyemchagua Cirhuza.

Cirhuza alikuwa Mushi wa Kabare. Alivuka kutoka Uvira akiwa kijana, akafanya kazi ya kubeba samaki pale Magara, asubuhi wavuvi wanaporudi na wachuuzi wanapogombania mafungu. Akanunua baiskeli, akahamia Rumonge, akaoa Naomie, Mkongomani mwenzake, na tangu hapo kazi yake ikawa moja: kupanda Kizuka na bidoni tupu, yaani madumu, na kushuka na bidoni za mawese. Vita vilipokuja, wanajeshi walikaa chini na watu wa porini walikaa juu, na michikichi ilikuwa katikati. Wabebaji wengi walikatazwa njia. Cirhuza, mgeni asiye na ndugu hata mmoja katika jeshi wala katika ofisi, aliachiwa, kwa sababu kila mara walipomwaga bidoni zake kuzikagua hawakukuta kitu ila mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote. Siku jina lake likipata doa, njia ingefungwa, na mtu aliyefungiwa njia mwaka ule alikufa njaa kama alikuwa na bahati.

Kwa hiyo kaporali alipomwita, alikwenda amevua kofia.

"Weye unajua njia. Utaenda na huyu Mwarabu. Mukirudi, utaniambia alitazama nini."

"Shefu, mimi ni mutu wa mawese. Mambo ya kutazama sijue."

"Utajifunza."

Nyumbani Naomie alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza. Alimsikiliza mume wake mpaka mwisho, akageuza andazi moja.

"Anataka kuona ziwa? Umupeleke hapa nyuma ya choo yetu. Ziwa iko inaonekana muzuri sana."

"Kaporali amesema."

"Kaporali! Ukikataa, uko na siri. Ukikubali, uko na siri pamoja na Mwarabu. Haya, baba watoto, nenda. Lakini maji yake usikunywe kabla yeye hajakunywa."

Waliondoka asubuhi ya siku ya soko. Cirhuza alipewa baiskeli ya pili, akaikalia kama mtu anayekalia ng'ombe wa jirani. Betri ilikuwa inavuta, lakini yeye alikanyaga tu, kwa nguvu zote. Hakutaka kudaiwa shukrani na mashine. Wanawake waliokuwa wanateremka na vikapu waliwekeana mikono mabegani wakicheka.

"Cirhuza weee! Leo unabebwa na nani?"

"Na pepo la Dubai!" mwingine akajibu. "Angalia, halina hata pumzi!"

"Muache kucheka," Cirhuza aliwaambia. "Amahoro, mama zangu. Huko juu kuko je?"

Wakaacha kucheka. "Kuko kimya," mmoja alisema. Hakuna aliyemtazama Yazid usoni.

Katikati ya mlima walipumzika. Yazid alitoa chupa ya maji akampa. Cirhuza aliishika, akaitazama, akaendelea kuishika. Yazid alizaliwa Bujumbura, si mjinga. Aliichukua, akanywa funda moja, akafuta mdomo.

"Nimesogongera, muzee. Sasa kunywa."

Nieleze, maana watoto wa siku hizi wananywa chochote kutoka kwa yeyote. Kwetu anayekupa kinywaji hukisogongera kwanza, hukionja mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu. Ni heshima, wala si tusi. Na heshima kubwa kuliko hiyo ni pale watu wawili wanapoiacha. Cirhuza alikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo, Mardochée, mbebaji mwenzake, mwenyeji wa Kizuka. Hao wawili walikunywa urwarwa, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumngoja mwenzake aonje. Kwa Yazid, Cirhuza alikunywa kidogo sana, akarudisha chupa.

Pale Yazid akatoa darubini, akaanza kutazama. Alitazama bandari, akatazama michikichi, akatazama pozisyo.

"Weka ile kitu chini, patro."

"Natafuta mahali. Babu yangu alikuwa anatuleta huku siku ya Idi. Kulikuwa na jiwe kubwa tunakula pilau juu yake."

"Jiwe haliko kwenye pozisyo."

"Natazama tu, muzee. Kwa nini unaogopa?"

"Kwa nini weye hauogopi?"

Yazid akairudisha darubini shingoni. Toka hapo walipanda bila kuzungumza, Cirhuza mbele akijiuliza atamwambia nini kaporali, na Yazid nyuma akijiuliza kwa nini kiongozi wake anasimama kila baada ya mita chache na kutega sikio.

Chini kidogo ya kilele kuna kona. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande mwingine ni bonde, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeila barabara ikabaki njia ya upana wa mtu na mzigo wake. Hapo ndipo baiskeli ya Yazid ilipotoa harufu ya kuungua. Gurudumu la nyuma likaganda. Halikwenda mbele wala nyuma. Ilikuwa nzito kama mbuzi wawili, na lile gurudumu lilikuwa limezama katika mfereji wa mvua. Walivuta, wakasukuma, ikazidi kujikita katikati ya njia.

Cirhuza akatazama jua. Ilikuwa siku ya soko, wabebaji walikuwa njiani wakija.

Wewe uliyezoea breki za waya hutaelewa. Mtu anayeshuka Kizuka na bidoni tatu za mawese hana breki. Ana soli ya sandali yake, anaikandamiza juu ya tairi, na Mungu. Akiikuta kona imezibwa, ataingia bondeni. Ndiyo maana, tangu baiskeli ya kwanza ipande mlima ule, kulikuwa na sheria ambayo hakuna serikali iliyoiandika: ukiharibikiwa njiani, unakata matawi, unapanda juu, unayatandaza barabarani mbali kidogo na mahali ulipo. Anayeshuka akiyaona anaanza kukandamiza tairi mapema. Akikufikia, hakupiti, anakusaidia. Na wewe ukitoka unayaondoa. Matawi yaliyoachwa njiani yalikuwa uongo, na mwenye kuyaacha aliaibika soko zima. Vita viliiharibu hata hii. Watu wa porini walianza kuweka matawi ili magari yasimame, wakayachoma. Wanajeshi wakajifunza kufyatua risasi wakiona majani barabarani. Watu wakaacha. Walioumia konani waliumia.

Cirhuza alijua yote hayo. Alisimama pale akiwa ameshika panga lake dogo, na Naomie aliniambia baadaye kwamba mume wake alikiri alitamani kuketi tu na kungoja. Lakini akaenda, akakata matawi ya mwesi, akapanda mpaka juu ya kona, akayatandaza.

Yazid alimfuata kwa macho. Mtoto wa duka, barabara zote alizipita ndani ya gari.

"Unafanya nini?"

"Naweka alama."

"Alama ya nani? Unamuita nani?"

"Simuiti mutu. Wabebaji wanakuja."

"Wabebaji gani? Mimi sisikii mutu! Umenileta huku, baiskeli imekufa, sasa unaweka alama?"

"Patro, baiskeli ni yako. Mimi ndiye niliiua?"

Yazid hakungoja. Aliziacha baiskeli zote mbili akateremka mbio kuelekea pozisyo, viatu vyake vya ngozi vikiteleza.

Cirhuza angeweza kuyaondoa matawi wakati huo. Alikuwa bado anayatazama aliposikia kengele, na Mardochée akatokea juu, bidoni zake tatu, mguu juu ya tairi, vumbi tupu. Aliyaona matawi akakandamiza, akakandamiza tena, akasimama hatua chache tu kutoka kwenye baiskeli iliyoganda. Akaketi chini, akacheka kwa woga.

"Ndugu yangu! Leo ungekuwa umenizika."

"Saidia kwanza, utacheka nyuma."

Hawakupata hata kulifungua gurudumu. Wanajeshi, ambao Yazid aliwakuta wakipanda doria chini kidogo tu ya kona, walifika, kaporali mbele, Yazid nyuma akihema. Bunduki zikaelekezwa. Cirhuza akapiga magoti bila kuambiwa.

"Nani ameweka majani?"

"Ni mimi, shefu. Ni alama ya zamani ya wabebaji. Baiskeli imefunga njia, mutu asianguke."

Kaporali alikuwa mtu wa mikoa ya juu, hakuikuta desturi hiyo. Akamgeukia Mardochée.

"Weye ni mubebaji. Hiyo alama unaijua?"

Basi hapo Cirhuza alimtazama rafiki yake, na hakuwa na wasiwasi, maana Mardochée alikuwa amesimama kwa alama ileile, vumbi lake halijatua. Lakini kule Kizuka, wiki ile, kulikuwa na mtu aliyechukuliwa kwa sababu alijua mambo ya njia. Mardochée alitazama bunduki, akatazama bidoni zake.

"Mimi sijue, shefu. Nimeona majani, nikaogopa, nikasimama."

"Haujawahi kuona?"

"Hapana."

Kaporali aliamuru Cirhuza afungwe mikono nyuma kwa kamba ya bidoni moja ya Mardochée, kisha akamtuma mwanajeshi mmoja akayaondoe matawi. Yule akayakusanya, akayaleta, akayatupa miguuni mwa Cirhuza kama ushahidi.

"Shefu," Cirhuza alisema, "mimi munipeleke. Lakini majani muyarudishe mpaka baiskeli itoke."

"Unyamaze!"

Wakamsimamisha. Wameanza kumsukuma, ndipo ikasikika kengele. Ilikuwa mbali bado, juu kabisa, lakini ilikuwa inakuja haraka, na kila mbebaji ana kengele yake. Mardochée aliitambua. Ilikuwa ya Olivier, mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbebesha mafuta asubuhi ile.

Akayaokota matawi. Mwanajeshi alipiga kelele, akakoki bunduki, lakini Mardochée alikuwa amekwisha kuondoka, anapanda mlima mbio na matawi kifuani, akiyatandaza huku anakimbia, moja hapa, jingine pale, mahali palepale yalipokuwa, bila kufikiri, kama mtu anayetandika kitanda chake. Olivier akatokea. Aliyaona, akakandamiza. Alianguka ubavuni, bidoni moja ikapasuka, mafuta mekundu yakateremka mpaka kwenye buti za kaporali. Kijana akainuka mzima, goti tu limechubuka.

Kaporali alitazama mafuta, akamtazama Mardochée akirudi ameinamisha kichwa.

"Kumbe unaijua."

Mardochée akajipangusa majani kifuani.

"Mufungue huyu," kaporali alimwambia mwanajeshi. Kwa Cirhuza akasema, "Uondoe kile chuma chenu kwenye njia yangu." Hakuomba radhi, wala hakuna aliyetegemea. Waliivuta baiskeli ile wote kwa pamoja, wanajeshi na wabebaji na Yazid, na ilipotoka Cirhuza alipanda peke yake akaondoa matawi, tawi kwa tawi, akayatupa bondeni.

Yazid alimfuata akiteremka. "Muzee, mimi sikujua."

"Ndiyo. Haukujua," Cirhuza alisema, akaendelea kutembea.

Baiskeli zile zilirudi Bujumbura chini ya turubai lake. Cirhuza aliendelea kupita pozisyo na bidoni zake mpaka vita vilipoisha na miaka mingine baadaye, hadi magoti yakamkatalia. Jina lake halikupata doa. Matawi hakuyaweka tena. Akiharibikiwa, alisimama mwenyewe juu ya kona, mikono juu, hata mvua ikinyesha.

Mardochée alikuja siku ya Jumapili, na kibuyu cha urwarwa. Naomie alimpa kiti, akaingia ndani. Wanaume wawili wakaketi. Wakaulizana habari za mafuta, za mvua, za goti la Olivier. Kisha Mardochée akazibua kibuyu akampa rafiki yake, kama siku zote.

Cirhuza hakunyoosha mkono.

"Sogongera," alisema.

Mardochée akaanza kucheka. Akamtazama usoni, akaacha. Akainua kibuyu, akanywa funda moja, polepole, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Ndipo Cirhuza akakipokea.